Tuwalipe mafundi wa baiskeli kwa kusikiliza, si kwa vipuri pekee

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyelalamika kwamba mafundi wa baiskeli wa huku Pwani wamemla fedha kwa kumbadilishia kipuri baada ya kipuri, huku baiskeli yake ya mbio ikiendelea kulia vilevile kila akanyagapo pedali. Simtetei fundi aliyemtoza, kwa kuwa nami nimepitia hayo hayo hapa Malindi na naujua uchungu wake. Hata hivyo naona lawama zake zimeelekea upande mmoja. Sisi wateja tumezoea kumlipa fundi anapotuonyesha kipuri kipya mkononi, na tunamnyima hata shilingi mia anapotumia saa nzima kutafuta mlio unakotoka. Fundi naye ana nyumba ya kulisha. Akishajua kwamba kusikiliza hakuna malipo, atabadilisha vipuri.

Nieleze kisa changu, maana ndani yake mna mambo ambayo laiti ningeyajua mapema nisingepoteza fedha wala miezi mitatu ya Jumapili.

Baiskeli yangu ni ya Kitaliano, yenye fremu ya chuma na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Mji wetu umekuwa na Wataliano tangu enzi za mradi wa roketi wa San Marco kule Ngomeni katika miaka ya 1960, kwa hiyo si ajabu mmoja wao akarudi kwao na kuacha nyuma baiskeli nzuri. Mimi niliinunua kwa mtu wa tatu au wa nne, na kwa muda ilikuwa kimya kama paka. Upepo wa kusi ulipoanza, nami nikiwa na mazoea ya kutoka mjini alfajiri kuelekea Gede, upande wa kusini, ndipo mlio ulipozaliwa: kek, mara moja kwa kila mzunguko wa pedali, mguu wa kulia ushukapo. Nilipokuwa nikienda, upepo ukinizuia na mimi nikikanyaga kwa nguvu zangu zote, mlio ulisikika hadi wachuuzi wa kando ya barabara wakageuka kunitazama. Niliporudi, upepo ukinisukuma na miguu ikizunguka bila taabu, ulitoweka. Nikadhani umejiponya. Jumapili iliyofuata nikaukuta unaningoja palepale nje ya mji.

Fundi wa kwanza niliyempelekea alisikia neno "pedali" tu, akaamua kwamba beringi za ekseli ya pedali zimekufa. Hakuipanda baiskeli, hakuuliza swali la pili. Akaanza kufungua kikombe cha upande wa kulia, kile kinachoshikilia beringi hizo ndani ya fremu, kwa kukizungusha kuelekea kulia, kama alivyozoea kwenye baiskeli zile nzito za mtindo wa Kiingereza tunazoziita Black Mamba, ambazo kikombe chake cha kulia kina hesi, yaani mikato ya skrubu, za kinyume. Fremu za Kitaliano za aina ya yangu zina hesi za kawaida pande zote mbili. Kwa hiyo kadiri alivyojitahidi kukifungua ndivyo alivyozidi kukikaza, mpaka akachomeka bomba kwenye mpini wa spana, na kingo za kikombe zikasagika. Kilipotoka, kwa msaada wa mtu mwingine, nililazimika kuagiza ekseli ya kipimo cha Kitaliano kutoka Mombasa, nikangoja majuma matatu na kulipa shilingi 4,500. Siku niliyoipanda tena, kek ikaniamkia kabla sijamaliza kilomita moja. Nikabadilisha pedali. Kek. Nikabadilisha mnyororo, ambao kwa haki ulikuwa umechakaa, lakini haukuwa na hatia yoyote katika kesi hii.

Wahenga waliposema debe tupu haliachi kuvuma hawakuwa wakiiwazia baiskeli, lakini wangeweza. Fremu ni mabomba matupu yaliyounganishwa, na mlio unaozaliwa pembe moja husafiri ndani yake ukatokea pengine kabisa. Anayepanda huusikia chini yake, huhisi unatoka kwenye pedali, na huapa kwamba ni hapo. Ukweli ni kwamba mlio wa namna hii hutokea mahali popote ambapo vipande viwili vilivyopaswa kushikana vinapata nafasi ya kusuguana, pengine kwa upana usiofika hata unene wa unywele, kisha vikakwama, vikaachiana, vikakwama tena. Mahali pakiwa pakavu au pakiwa na chumvi na mchanga, msuguano huo hupata sauti. Na kwa kuwa kila mkanyago wa mguu huipinda fremu nzima kidogo, kuanzia usukani hadi kiti, kitu chochote kilicholegea huweza kulia kwa mdundo wa pedali ilhali hakigusani na pedali hata kidogo.

Aliyenifumbua macho si fundi wa baiskeli. Ni jirani yangu anayetengeneza mashine za boti, mtu aliyezoea kuisikiliza injini kwa kuegesha ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini wake kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Alikuwa amekaa kibarazani akinitazama nikiirudisha baiskeli nyumbani kwa mkono, akaniuliza swali moja ambalo mafundi wawili hawakuwa wameniuliza.

"Ukisimama juu ya pedali, yalia ama yanyamaza?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia niende hadi mwisho wa mtaa na kurudi, kwanza nikiwa nimeketi, kisha nikiwa nimenyanyuka kitini. Nikiwa nimeketi, kek. Nikiwa nimesimama, kimya kitupu, ingawa niliposimama nilikuwa nikikanyaga kwa nguvu zaidi. Jirani yangu akacheka. Akanitaka niketi kitini huku nimeegemea ukuta na kujitikisa kulia na kushoto, naye akaishusha ncha ya bisibisi kutoka kwenye kiti hadi mahali ambapo nguzo ya kiti inaingia ndani ya fremu. Akasikiliza, akaipeleka chini kwenye ekseli, akairudisha juu. "Ndugu yangu," akasema, "hiyo ekseli uliyoinunua haikuwa mgonjwa. Mgonjwa ni huyu hapa."

Tulizungushia nguzo utepe mahali inapoingia, ili kimo cha kiti kisipotee, tukalegeza bolti na kuivuta. Haikukubali. Jirani akaimiminia mafuta ya kupenyeza kutu, tukaiacha usiku kucha, na asubuhi yake tukaizungusha kwa kukishika kiti pande zote mbili, kama mtu anayeng'oa jino la ng'ombe. Ilitoka kwa mkwaruzo ambao ulinisisimua meno. Sehemu yake ya chini, iliyokuwa ndani ya fremu, ilifunikwa na unga mweupe mkavu, umejikusanya katika mistari kama unga wa ngano uliobaki kwenye kibao cha chapati. Nguzo hiyo ni ya alumini na fremu ni ya chuma. Alumini na chuma vikikutana penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa polepole na kugeuka unga huo. Hewa ya Malindi, hasa kwetu sisi tunaopita kando ya bahari kila siku na kuilaza baiskeli kwenye baraza, ni chumvi tupu. Kama ningeiacha mwaka mwingine, huenda nguzo ingeshikamana na fremu kabisa, nami ningehitaji msumeno. Tulisafisha ndani na nje kwa mafuta ya taa na tambara, tukapitisha msasa laini, tukapaka grisi, tukakaza bolti. Grisi hiyo haikufika thamani ya shilingi hamsini. Tangu siku ile kek sijaisikia tena.

Kwa hiyo namshauri msomaji aliyelalamika, kabla hajafungua mfuko tena, ajiulize maswali kama lile la jirani yangu. La kwanza ni kama mlio unabaki anapoacha kukanyaga na kuiacha baiskeli iteleze. Ukibaki, basi uko kwenye magurudumu au breki, au ni kitu kinachotikisika tu kama kishikio cha chupa, na pedali zote zimesalimika. Ukinyamaza, auhesabu mdundo wake. Mlio unaokuja mara moja kwa kila mzunguko wa pedali hutoka kwenye pedali, krenki (ule mkono unaoishika pedali), ekseli, kiti au usukani. Mlio unaokuja haraka zaidi, kwa mfano karibu mara tatu kwa kila mzunguko unapotumia meno 50 mbele na 17 nyuma, ni wa gurudumu la nyuma linalolia likivutwa tu, maana ndivyo gurudumu linavyozunguka kwa gia hiyo. Na ule unaochelewa, ukatokea mara moja kwa kila mizunguko miwili hivi ya pedali, ni wa mnyororo wenyewe: mnyororo wa pingili 108 unaopita kwenye meno 50 hukamilisha safari yake kwa mizunguko miwili na kidogo, na pingili moja iliyokakamaa itasikika kila inapopita kwenye vigurudumu vidogo vya gia ya nyuma. Hesabu hii haihitaji kifaa chochote. Inahitaji barabara tulivu alfajiri na mtu asiye na haraka.

Akishajua ukoo wa mlio, ajaribu kuunyamazisha kwa kubadilisha namna anavyokaa. Akisimama na mlio ukafa, atazame kiti, vile vyuma viwili vya chini yake na nguzo. Mlio ukiendelea anaposimama, na ukazidi anapovuta usukani, atazame bolti za shingo ya usukani na beringi zake. Abane breki ya mbele, aisukume baiskeli mbele na nyuma huku kidole kikiwa kwenye maungio, na kama pana nafasi atauhisi mtikisiko kidoleni. Akikanyaga kwa mguu mmoja tu, mahali pasipo na magari, atajua ni pedali ipi. Hapo aanze na dawa ya bei nafuu kuliko zote: azifungue pedali, asafishe hesi zake, azipake grisi na kuzikaza upya. Akumbuke kwamba pedali ya kushoto ina hesi za kinyume, hufunguka kwa kuzungushwa kama mshale wa saa. Nimeona krenki nzuri ikiharibiwa kwa kusahau jambo hilo dogo. Bolti zinazoshikilia gurudumu la meno la mbele nazo hukauka na kulia mdundo uleule. Nazo ni grisi tu. Mwenye fremu au nguzo ya kaboni ndiye asiyepaswa kunifuata kwenye kuipaka nguzo ya kiti grisi, kwa maana nguzo ya kaboni haipakwi grisi; huitelezesha, na mwenyewe hujikuta akikaza kupita kiasi hadi ikapasuka. Hiyo ina pasta yake maalumu yenye chembechembe za kushikilia.

Kuhusu magurudumu sina mengi. Spoki zilizolegea hulia kama uzi wa zeze uliokosa kuwambwa, na zinapokatizana huweza kusuguana. Kuzibana mbilimbili kwa kiganja kuzunguka gurudumu lote huonyesha ipi imelegea, na tone moja la mafuta penye makutano hutuliza nyingine. Nati ndogo ya vali inayogonga rimu imewahi kumsumbua rafiki yangu mwezi mzima.

Breki zinazopiga kelele ni habari nyingine, na hapa nina ugomvi na wenzangu tunaoendesha pamoja. Raba ya breki ikilia, mtu asiguse mafuta. Nimemwona kwa macho yangu kijana akiipaka rimu oili "ili inyamaze", na kweli ilinyamaza, kwa kuwa haikushika tena. Rimu hufutwa kwa spiriti, raba hukwaruzwa kidogo kwa msasa ili ule ung'aavu uondoke, kisha raba hufungwa upya ili ncha yake ya mbele iguse rimu kwanza na ile ya nyuma ibakie na nafasi ya kama milimita moja. Kadi ya simu iliyowekwa kati ya rimu na ncha ya nyuma ya raba wakati wa kukaza hutosha kuipata nafasi hiyo.

Mnyororo mkavu huimba kama ndege wachanga, na hapo mafuta ndiyo dawa hasa, lakini si oili chafu ya injini tunayopewa bure gereji. Oili hiyo hunasa mchanga, na mchanga wa huku, ukishakaa kwenye mnyororo, hugeuka msasa unaosaga meno ya gia mchana kutwa. Tone moja la mafuta mepesi kwa kila pingili, upande wa ndani, kisha mnyororo ukaushwe kwa tambara hadi mkono usichafuke: hiyo inatosha. Anayetaka kujua kama mnyororo umechakaa achukue rula. Kutoka pini moja hadi inayofuata ni nusu inchi kwa karibu baiskeli zote, za zamani kwa za kisasa, kwa hiyo nafasi 24 zapaswa kuwa inchi 12 kamili. Zikizidi kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, mnyororo ubadilishwe. Zikizidi kwa sehemu moja ya nane, huenda meno ya nyuma nayo yamekwenda.

Pana mlio mmoja ambao sitaki msomaji yeyote auzoee. Ufa wa fremu, wa usukani au wa shingo yake huanza kwa kek ileile ya kuudhi inayodhaniwa haina madhara, na hakuna sikio linaloweza kuutofautisha na nguzo kavu ya kiti. Ndiyo maana anayesafisha na kupaka grisi kila mahali bila mafanikio anapaswa kuacha kupanda na kuanza kutazama: aoshe fremu, aikaushe, aangalie kwa tochi maungio ya ekseli, ya shingo na ya nguzo ya kiti, akitafuta mstari mwembamba kwenye rangi, hasa ulioanza kutoa kutu. Usukani wa alumini ufunuliwe utepe wake pia, kwa kuwa jasho la mikono hukusanyika chini yake na kuila alumini bila mwenyewe kujua, na usukani ukikatika mtu akiwa kwenye mteremko hana nafasi ya kujiokoa.

Sasa nirudi kwa mafundi. Kazi yote niliyoieleza ni ya kusikiliza, kuuliza, kupima na kuondoa shaka moja baada ya nyingine, tukianza na kisichogharimu kitu. Ni kazi ya saa moja au mbili, na mwisho wake fundi mara nyingi hatakuwa na kitu cha kukuonyesha isipokuwa vidole vyenye grisi. Kwa desturi yetu ya sasa, fundi aliyeniuzia ekseli nisiyoihitaji alipata faida, na aliyeutambua ugonjwa alipata kikombe cha kahawa. Napendekeza kwamba mteja na fundi wapatane mapema malipo ya uchunguzi, yawe ni kidogo, na yalipwe hata kama hakuna kipuri kilichouzwa. Na fundi naye akubali kuipanda baiskeli, au ampandishe mwenyewe huku yeye akisikiliza, kabla hajashika spana. Kijana mmoja mwenye kibanda karibu na ninapoishi tumepatana shilingi 300 kwa nusu saa. Mwanzoni aliona aibu kuzipokea.

Mwezi uliopita nilimpelekea baiskeli kwa mlio mpya, tik-tik ndogo iliyokuja bila mdundo wowote, mara kwenye mashimo, mara kwenye lami nzuri. Nilikuwa nimeshajiambia ni beringi za usukani. Alinitembeza mbele ya kibanda chake mara nne, akaniomba nisimame, akaniomba niketi, akanitaka niache kukanyaga. Mwishowe akafungua kijimfuko kilicho chini ya kiti changu, akatoa funguo za nyumba yangu, akazining'iniza kwenye kidole na kuzitikisa mbele ya uso wangu.

"Mzee wangu," akasema, "hizi ungeziweka mfukoni."

Nikamlipa shilingi zake 300.

Wako,
Mpanda baiskeli,
Malindi.